Mali Bila Daftari: Tuchagueje Kitabu cha Kwanza cha Hifadhidata?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, tukapewa alama zetu, kisha tukaisahau. Mimi sikuijua maana yake mpaka siku nilipopoteza mali isiyokuwa yangu peke yangu, nikaipoteza mchana kweupe, mkono wangu ukiwa juu ya kipanya. Makala haya nayaandika ili mwenzangu yeyote anayetaka kujifunza programu za hifadhidata asipite njia niliyopita mimi, na hasa ajue aanze na kitabu gani. Kwani kosa langu la kwanza lilikuwa la kompyuta, lakini la pili lilikuwa la kitabu, na hilo la pili ndilo lililonipotezea muhula mzima.

Yaliyotufika

Wanachama wanakumbuka jinsi chama chetu kilivyoanza kukusanya maneno ya wazee wa kisiwa hiki. Tulikwenda Pate mjini, Siyu, Faza, Tchundwa na Kizingitini, wawili wawili, madaftari mkononi. Tuliuliza mambo madogo madogo: hiki nyinyi mwakiitaje? Tukaambiwa nyuni kwa ndege, mato kwa macho, kitwa kwa kichwa, mtanga kwa mchanga, mui kwa mji. Tukaandika majina ya pepo, ya sehemu za chombo, ya mapishi, na ya michezo ya watoto ambayo hata mama zetu hawakuicheza. Kila neno tuliliandikia maana yake, nani aliyelisema, wa kijiji gani, na siku gani. Mwisho wa mwaka yalifika maneno 340.

Kazi ya kuyatia katika kompyuta ya shule nilipewa mimi, kwa kuwa nilikuwa nachukua somo la kompyuta na watu wakadhani najua. Nikayatia katika lahajedwali, yaani ile programu ya mistari na safu tunayoitumia kwa hesabu na alama za mitihani. Neno safu ya kwanza, maana safu ya pili, msimulizi ya tatu, kijiji ya nne, tarehe ya tano. Ilipendeza kuitazama.

Siku moja nikataka maneno yafuatane kwa alfabeti. Nikaiteua safu ya kwanza peke yake, nikabonyeza pale pa kupanga. Kompyuta ikaniuliza swali kwa Kiingereza. Kengele ya chakula ilikuwa imeshalia, nami nikabonyeza pasi na kusoma. Maneno yakajipanga, a mpaka z, safi kabisa. Nikahifadhi, kisha nikahifadhi tena katika flashi juu ya ile nakala ya zamani, nikaenda zangu kula maharagwe.

Lo! Kumbe maneno yalijipanga peke yake, na maana, wasimulizi na vijiji vikabaki pale pale vilipokuwa. Nyuni sasa maana yake ilikuwa ni kamba ya tanga, na aliyelisema ati ni mvuvi wa Kizingitini ambaye alitupa neno jingine kabisa. Hatukuligundua jambo hili hadi wiki ya tatu.

Maana tuliweza kuzirudisha, kwani maneno mengi tunayajua sisi wenyewe. Lakini nani alisema nini? Madaftari ya Siyu, Faza, Tchundwa na Kizingitini yalikuwepo. Daftari la Pate mjini lilikuwa limevujiwa na mvua ya masika stoo, wino ukayeyuka, kurasa zikashikana. Ndani yake mlikuwa na maneno 61 ya bibi mmoja wa mtaa wetu, maneno ya harusi, ya mapambo na ya jikoni. Nikajiambia, si neno, likizo nitamrudia nimuulize upya. Likizo ilipofika nilikuta watu wameketi matanga. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi hilo ndilo lililonipeleka kutafuta kitabu.

Hifadhidata ni kitu gani?

Mwalimu wetu wa kompyuta hakunigombeza. Alinitazama, akanambia, "Wewe mwanangu umetia maji katika pakacha. Pakacha si baya, lakini si chombo cha maji."

Akanieleza. Katika lahajedwali, kila kisanduku kinajitegemea. Programu haijui kwamba neno lililo kushoto na jina la mzee lililo kulia ni kitu kimoja. Ukisogeza kimoja bila kingine, haijali. Hifadhidata ni kinyume chake. Humo mstari mzima ni rekodi moja, na rekodi husogea ikiwa nzima, kama abiria na mzigo wake. Kila sehemu ya rekodi huitwa uga: uga wa neno, uga wa maana, uga wa tarehe. Kila rekodi ina ufunguo msingi, yaani namba au alama isiyokuwa na mwenziwe, mfano wa namba ya usajili tuliyo nayo sisi wanafunzi. Na la muhimu zaidi, hifadhidata inaweza kuwa na majedwali kadhaa yaliyofungamana kwa funguo hizo, hata ukaliuliza jedwali moja likakujibu kwa habari iliyo katika jingine.

Fikra hii ya majedwali yanayohusiana ina mwenyewe. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alichapisha makala yaliyopendekeza kwamba habari nyingi zipangwe katika majedwali, na mtumiaji aweze kuziuliza bila kujua zimefichwa vipi ndani ya mashine. Programu nyingi za hifadhidata tunazozisikia leo zimejengwa juu ya fikra hiyo.

Mwaka huo huo wa 1970, huku kwetu Afrika Mashariki, ilitoka orodha ya J. W. T. Allen ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu na kanda za sauti zilizokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mmoja aliwaza mashine, mwingine aliwaza tenzi, lakini shida yao ilikuwa moja: kitu kikiwa kingi, utakipataje, na utajuaje kimetoka kwa nani? Leo maktaba ya SOAS huko London ina miswada ya Kiswahili, mingine ikiwa ni kazi ya mkono wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, na iliorodheshwa katika hifadhidata. Mtu akitaka kujua mwandishi fulani alinakili nini, anauliza, anajibiwa. Sisi tulikuwa na maneno 340 tu, na hatukuweza kujibu swali kama hilo.

Vitabu vinne nilivyovishika

Nilimpigia simu ami yangu wa Mombasa, nikamwomba anitafutie kitabu cha hifadhidata. Ami hana mkono mzito. Baada ya wiki mbili kitabu kikaja kwa boti hadi Mtangawanda, kinene, kimefungwa kwa gazeti. Kilikuwa cha programu ya Microsoft Access, toleo la mwaka 2003. Nikakaa nacho maabara nikaanza ukurasa wa kwanza. Kiliniambia nibonyeze menyu, na menyu hiyo sikuiona. Nikageuza ukurasa, nikaambiwa nibonyeze nyingine, nayo haipo. Jioni nikampigia.

"Ami, kitabu kimefika, ahsante sana. Lakini kinataja vitu ambavyo katika kompyuta yetu havipo."

"Mwanangu, mimi nimeulizia kikubwa cha bei nafuu, nikapewa hicho. Kwani kompyuta zenu zina toleo gani?"

"Sikukwambia, ami. Kosa ni langu."

Na kweli lilikuwa langu. Mwaka 2007 programu hiyo ilibadilishwa sura. Menyu za zamani ziliondolewa, ukawekwa utepe mpana wa vibonye juu ya skrini, na hata aina ya faili ikawa nyingine. Kitabu cha 2003 kwa mtu mwenye programu iliyokuja baada ya hapo ni kama kupewa ramani ya mji kabla ya mitaa kubomolewa. Juu ya hayo mazoezi yake yote yalikuwa katika sahani ya CD, na kompyuta zetu hazina pa kuiingiza. Niling'ang'ana nacho wiki sita kwa kuona haya kumwambia ami kwamba hakinifai. Katika wiki hizo nilijifunza kubadilisha rangi za fomu. Maneno ya wazee yalibaki yamevurugika vile vile.

Kitabu cha pili kilikuwa kile cha kiada tunachosomea darasani. Hiki sikidharau. Sura yake ya hifadhidata inaeleza istilahi kwa ufupi: uga, rekodi, ufunguo, ulizo, fomu, ripoti. Kwa mwanafunzi wa KCSE ni lazima akijue, hasa kwa kuwa karatasi ya tatu ya somo la kompyuta ni mradi, na wanafunzi wengi mradi wao huwa ni hifadhidata ya duka, ya zahanati au ya maktaba. Lakini mfano mkubwa wa kitabu hicho ulikuwa orodha ya wanafunzi katika jedwali moja. Maneno yetu hayakai katika jedwali moja, na sababu yake nitaieleza.

Cha tatu nilikiazima kwa mwalimu mwenyewe. Ni kitabu alichokitumia chuoni, An Introduction to Database Systems cha C. J. Date. Kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1975, na toleo la nane likatoka mwaka 2003, kurasa zipatazo elfu moja. Jina lake linasema ni utangulizi. Msidanganyike! Ni utangulizi kwa mtu anayesomea fani hiyo chuo kikuu. Nilisoma kurasa ishirini kwa wiki moja, kamusi ubavuni. Ni kitabu cha heshima, na siku moja nitakirudia, lakini kuanza nacho ni kama kujifunza kuogelea nje ya kisiwa siku kusi linapovuma.

Cha nne niliazimwa na mwanafunzi wa zamani wa shule yetu aliyekuja likizo. Kinaitwa Database Design for Mere Mortals, kimeandikwa na Michael J. Hernandez, na kilitoka mara ya kwanza mwaka 1997. Nilipokifungua nilishangaa. Hakuna picha za skrini, hakuna "bonyeza hapa". Hakifundishi programu yoyote! Kinafundisha kupanga. Kinakutaka kwanza uwahoji watu watakaoitumia hifadhidata, ukusanye makaratasi wanayoyatumia sasa, uorodheshe mambo yote wanayotaka kuyajua, kisha utenganishe: jambo hili linahusu nini, na lile linahusu nani? Kila jambo moja linapewa jedwali lake. Kalamu na karatasi vinatosha. Umeme unapokatika, kitabu hiki hakikatiki.

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Kuwahoji watu ndiyo kazi tuliyokuwa tukiifanya chamani mwaka mzima. Tulijua kuuliza, ila hatukujua kupanga majibu.

Sikwambii kwamba kitabu hicho hakina kasoro. Ni kirefu, kinarudia maneno, na ukikimaliza bado hujui kutia hata rekodi moja katika kompyuta. Itakubidi uwe na kijitabu kingine cha programu uliyo nayo. Na kwa mwenye kuogopa maneno mengi, kipo kitabu cha katuni za Kijapani, The Manga Guide to Databases cha Mana Takahashi, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2009. Kinasimulia habari za binti mfalme ambaye ufalme wake unauza matunda, na hesabu za mauzo zimemshinda. Nilikisoma kwa siku mbili, na mambo ya funguo na uhusiano wa majedwali nikayaelewa huku nikicheka.

Maswali matano ya kuuliza kabla ya kuchukua kitabu

Sasa tuje kwenye kiini. Kutokana na niliyoyapata, nimeandika maswali matano. Mtu akiwa dukani, maktabani, au akimtuma jamaa yake Mombasa, na ajiulize haya kwanza.

Kwanza, je, kitabu kinahusu programu niliyo nayo, na toleo lake? Usiseme tu "nataka kitabu cha hifadhidata". Washa kompyuta, tazama jina la programu na mwaka au namba ya toleo, andika kwenye karatasi, ndipo utume mtu. Kama shule haina Access, ambayo ni ya kulipiwa, kuna LibreOffice Base ambayo ni ya bure. Kuna pia SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, nayo ni bure kabisa. Hii ya mwisho wengi wenu mnaibeba mfukoni bila kujua, kwani simu za Android zinayo ndani, na WhatsApp huhifadhi ujumbe wenu humo. Basi msiseme hifadhidata ni mambo ya wakubwa.

Pili, je, majedwali yanakuja kabla ya mapambo? Fungua ukurasa wa yaliyomo. Tafuta sura ya funguo na uhusiano wa majedwali. Ikiwa imo katika theluthi ya kwanza ya kitabu, hiyo ni dalili njema. Ikiwa kitabu kinaanza na fomu, rangi na ripoti, na uhusiano wa majedwali umetupwa sura ya kumi na tano, kirudishe rafuni. Mtu hapaki chokaa nyumba isiyokuwa na msingi.

Tatu, je, mazoezi yake nayaweza nikiwa hapa nilipo? Vitabu vingi hukupa mazoezi yaliyo katika CD au katika intaneti. Sisi tunajua hali yetu. Chagua kitabu ambacho mifano yake ni mifupi, unaweza kuichapa mwenyewe kwa mkono, rekodi kumi au ishirini. Tena kuichapa mwenyewe kuna faida, kwani mkono hukumbuka.

Nne, je, lugha yake naiweza? Vitabu vyote nilivyovishika vilikuwa vya Kiingereza. Fungua ukurasa wa katikati, usifungue wa mwanzo, kwa sababu kurasa za mwanzo hurahisishwa ili ununue. Soma ukurasa mmoja, na kila neno linalokukwamisha kunja kidole. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho bado si chako. Wala si aibu. Hapa chama chetu kina kazi ya kufanya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice, na ili kuzitoa ilibidi kwanza istilahi zipatikane. Kwa hiyo lugha yetu haikushindwa. Nimebandika ukutani mwa maabara orodha ya istilahi thelathini, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Ukikwama katika kitabu, inua macho.

Tano, na hili ndilo kubwa, je, kitabu kinajibu swali langu? Kabla hujakwenda kutafuta kitabu, andika maswali matatu ambayo ungetaka hifadhidata yako ikujibu. Ya kwangu yalikuwa haya: Neno hili amelisema nani? Mzee huyu ametupa maneno mangapi? Ni maneno gani yanayosemwa Siyu na Faza pia, lakini hayasemwi Pate mjini? Kisha kitazame kitabu uone kama kuna mfano unaofanana na swali lako moja tu. Duka lenye wateja wengi na bidhaa nyingi linafanana na wazee wengi na maneno mengi. Orodha ya anwani za marafiki hailingani. Ukienda bila swali, kila kitabu kitakupendeza, na cha kukupendeza zaidi kitakuwa ni kile chenye jalada la kung'aa.

Mtu atauliza, je, mwaka wa kuchapishwa? Huo una mambo mawili. Vibonye huzeeka upesi, kwa hiyo kitabu cha vibonye kikipita miaka kadhaa kitazame kwa shaka. Lakini kupanga majedwali hakuzeeki namna hiyo. Makala ya Codd ni ya 1970 na fikra zake bado zinatumika. Hata SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ilianzishwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM mwaka 1974, ikawekewa kiwango rasmi Marekani mwaka 1986, na misingi yake ni ile ile. Kwa hivyo kitabu cha zamani cha kupanga kinaweza kukufaa kuliko kitabu kipya cha kubonyeza. Anayetaka kuendelea na SQL baada ya hapo, kuna Learning SQL cha Alan Beaulieu, kilichotoka mwaka 2005 na kupata toleo la tatu mwaka 2020. Lakini hicho ni cha hatua ya pili.

Tulivyoyapanga upya

Kwa kufuata kitabu cha nne, tulikaa wanachama watano chini ya mwembe na karatasi kubwa ya manila. Tukaona kumbe tulikuwa tumechanganya mambo matatu katika jedwali moja. Neno kitwa, kwa mfano, tuliambiwa na watu saba wa vijiji mbalimbali. Katika lahajedwali nililiandika mara saba, na mara mbili nikalikosea. Na mzee mmoja wa Faza aliyetupa maneno arobaini, jina lake nililiandika mara arobaini, mara kwa herufi hizi, mara kwa zile, hata ungedhani ni watu watatu.

Basi tukachora majedwali matatu. La kwanza ni Maneno: namba ya neno, neno lenyewe, maana yake. La pili ni Wasimulizi: namba ya msimulizi, jina, kijiji. La tatu tukaliita Ushuhuda: namba ya neno, namba ya msimulizi, tarehe, daftari na ukurasa. Hilo la tatu ndilo linalofunga mawili ya kwanza, kwa sababu neno moja lina wasemaji wengi, na msemaji mmoja ana maneno mengi. Neno linaandikwa mara moja tu, mtu anaandikwa mara moja tu, na kila mara mtu aliposema neno, ushuhuda mmoja unaongezeka. Karatasi ile ilituchukua alasiri mbili. Kuitia katika kompyuta kulichukua wiki tatu, kwa zamu.

Tukairudia kazi ya madaftari, ukurasa kwa ukurasa. Maneno ya Siyu, Faza, Tchundwa na Kizingitini yote yakarudi kwa wenyewe. Ama yale 61 ya marehemu bibi, binti yake alikubali kuketi nasi siku mbili. Tulimsomea maneno yetu, naye akasema, hili mama alikuwa akilisema, hili ndilo alilokuwa akituitia chakula, hili silijui. Kwa njia hiyo tuliyathibitisha 23. Yaliyobaki 38 yamo katika jedwali la Maneno, lakini katika Ushuhuda tumeyaandikia "hayajathibitishwa". Tulijadiliana kama tukisie. Mwalimu mlezi alisema la, bora pengo linaloonekana kuliko ukweli wa kubuni. Nami nakubaliana naye, ingawa kila nikiyaona yale 38 roho hunisonoka.

Jambo moja la mwisho. Katika kujaribu kama majedwali yamefungamana sawasawa, kitabu kilinifundisha nijaribu kufuta msimulizi mmoja nione. Nikalichagua jina la bibi, nikabonyeza kufuta. Programu ikakataa. Safari hii nilisoma ilichoniandikia, neno kwa neno: rekodi hii haiwezi kufutwa kwa kuwa zipo rekodi nyingine zinazoitegemea. Maneno yake 23 yalikuwa yamemshika. Nilikaa pale kwa muda, kisha nikazima kompyuta polepole.

Kwa kumalizia

Wapenzi wasomaji, nisiwachoshe. Kwa ufupi, anayeanza na aanze na kitabu cha kupanga, hata kikiwa chembamba, hata kikiwa cha katuni. Pembeni awe na kijitabu cha programu aliyo nayo, toleo lile lile. Kitabu cha kiada akitumie kwa istilahi na mtihani. Kitabu kikubwa cha chuo akiache rafuni mpaka atakapokuwa na maswali ambayo vidogo havikuyajibu. Na kabla ya vyote aandike maswali yake matatu.

Pia, kabla ya kupanga au kufuta chochote, fanya nakala, uiweke pahali pengine, usiiandike juu ya ile ya zamani. Na kompyuta ikikuuliza swali, lisome, hata kama kengele ya chakula imelia.

Maneno yetu sasa yamefika 412. Kila mzee tunamwomba ruhusa kwanza kuandika jina lake, na wengi hufurahi. Anayetaka kuyaona na aje maabara Jumatano baada ya vipindi, aulize swali lolote, tutamjibu. Na anayekwenda kwao likizo hii, kisiwani au bara, na aende na daftari, amketie babu au bibi yake, amuulize: hiki mwakiitaje? Asingoje likizo ijayo.

Wasalaam.